Niliuona mlima, nikashuhudia nisichokiona

Mama, shikamoo.

Ninasoma safu hii kwa muda mrefu, na huwa nasema moyoni, watu wana mambo mazito. Sikufikiri ipo siku nami nitashika kalamu. Nina miaka 47, nina mke na watoto watatu, na katika usharika wetu hapa Dar es Salaam mimi ni mzee wa kanisa, muhula wa pili sasa. Jambo langu wengine wataliona dogo. Mimi linaninyima usingizi tangu Februari.

Kazi yangu ni uhasibu. Mwezi huo ofisi ilitutuma watu wanne Moshi kukagua hesabu za tawi, na kwa kuwa mambo yalikuwa ya haraka tukakodiwa ndege ndogo, ile ya injini moja yenye mabawa juu ya madirisha. Sikuwahi kupanda ndege ya namna hiyo.

Kabla sijafika angani lazima nikueleze habari ya kalenda. Nilikulia kusini, mbali kabisa na mlima wowote mkubwa. Sebuleni kwetu ilitundikwa kalenda ya kanisa yenye picha ya Kilimanjaro, kofia yake nyeupe pe, na chini ya picha maneno ya Zaburi ya 121: "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Mwaka wa kalenda ile ulikwisha nikiwa bado sijaanza shule, lakini mama hakuiondoa ukutani. Herufi za kwanza nilizozijua nilizisoma pale, kidole cha mama kikinitangulia. Alikuwa akisema siku moja atauona mlima ule kwa macho yake. Alifariki Agosti mwaka jana bila kuuona. Tulimzika, baada ya siku nne nikarudi kazini, maisha yakaendelea.

Kwa hiyo, Mama, asubuhi ile niliingia kwenye ndege kama mtu mwenye miadi. Na si mimi peke yangu niliyeijua miadi hiyo. Jumapili iliyotangulia mchungaji aliniita mbele akaniombea safari, akasema nikirudi niwape ushuhuda wa matendo makuu ya Mungu. Watu wakaitikia amina.

Rubani alikuwa binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Alitupanga kwa uzito, mimi akaniweka mbele, kiti cha kulia kwake, akanivalisha hedifoni ili tusikilizane. Tuliruka jua likichomoza. Milima ya Usambara ikapita upande wangu, ikafuata ya Pare, halafu chini yetu nikaona maji yanametameta katikati ya nchi kavu. Nikauliza ni ziwa gani. Akasema, "Hilo ni bwawa la Nyumba ya Mungu, mzee." Nilitabasamu. Niliona kila kitu kinajipanga.

Kisha mlima ukatokea. Tulikuwa na muda kabla ya kushuka, akaomba ruhusa kwenye redio, akatusogeza upande wa kusini wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. "Leo umefunguka," akasema. "Mna bahati." Nilikuwa nimejiandaa kuutazama mlima kwa juu, kama mtu aliye ghorofani. Haikuwa hivyo. Tulikuwa futi 12,000, na mlima ulikuwa bado juu yetu. Niko angani, na bado nililazimika kuinua kichwa.

Basi nikainua macho, kama mstari unavyosema. Nikangoja.

Hakikuja kitu. Niliona mwamba mweusi, na barafu kidogo iliyobaki kama viraka kwenye nguo kuukuu. Haikuwa kofia ya kwenye kalenda. Ndege ikatikisika kwa upepo. Nikaona mlima huu haujui kama tupo. Ulikuwepo kabla ya mama, umebaki baada ya mama, wala haukupata habari. Nikajaribu kusali, maneno yakanikwama kooni. Nilichohisi ni baridi, tena si ya ngozi, ni baridi iliyoanzia ndani ya kifua ikatokeza nje. Tuliposhuka Moshi wenzangu walikuwa wakionyeshana picha. Mimi nilikwenda msalani, nikakaa huko mpaka nilipoitwa.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya usharika. Watu wananitazama, mke wangu yuko benchi la tatu anatabasamu. Nilifungua kinywa nikiwa sijui nitasema nini, na nilichosikia kikitoka ni: "Ndugu zangu, nilimwona Mungu." Nikaendelea. Nikasema machozi ya furaha yalinitoka, nikasema nilisikia moyoni kama sauti ikiniambia, "Mama yako yuko salama." Hakuna hata kimoja kilichotokea. Watu walilia. Kwaya ikaanzisha pambio bila kuombwa.

Nje ya kanisa dada mmoja akanifuata. Anatibiwa saratani na matibabu yanamtesa. Akaniambia, "Kaka, tangu nianze matibabu sijalala kwa amani. Leo nitalala." Alikuwa amenirekodi kwa simu. Husikiliza maneno yangu kila anapokwenda hospitali. Ananitumia ujumbe niende nikamwombee, na mimi kila mara natafuta udhuru.

Sasa mchungaji ameliweka jina langu kwenye ratiba ya mkutano wa jimbo mwezi ujao, nirudie ushuhuda ule mbele ya sharika zote. Nyumbani naongoza sala ya jioni kwa maneno niliyoyazoea, ndani mwangu kimya. Mke wangu sijamwambia. Anajivunia mno jambo lile.

Niseme au ninyamaze? Nikisema, dada yule atashika nini? Na mimi mwenyewe, Mama, bado ni Mkristo, au imani yangu niliiacha kule hewani?

Mzee wa kanisa, jina kapuni

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na mama. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako msiba umepita upesi sana. Siku nne, ukarudi kazini, maisha yakaendelea. Mlima na yaliyoufuata ndiyo yaliyojaza karatasi. Nitarudi hapo.

Kwa jinsi nilivyokuelewa, ulikwenda angani na tumaini ulilolibeba tangu utoto, ukakuta kimya. Ukarudi kwa watu waliokuwa wanangoja habari njema, ukawapa habari njema ambayo hukuwa nayo. Na mtu mgonjwa akaichukua habari hiyo akaifanya mto wa kulalia. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina uzito wake. Wewe umeyafunga furushi moja, ukaliita kupoteza imani. Naomba tulifungue kwanza, tuone ndani kuna nini.

Tuanze dirishani. Uliinua macho ukangoja. Ulikuwa unangoja nini hasa? Ule mstari wa kalenda, katika Biblia zetu, hauishii pale ulipoishia kwenye picha. Unaendelea: "Msaada wangu utatoka wapi?" Ni swali, mwanangu, na lina alama yake ya kuuliza. Mwenye zaburi anaitazama milima na anauliza. Jibu lipo mstari unaofuata, na jibu lenyewe halitaji milima. Linamtaja yule aliyezifanya mbingu na nchi. Kalenda ilikuwa na nafasi ya nusu ya mstari, na kwa nusu hiyo wewe ulijifunza kusoma. Miaka arobaini umekwenda ukijua kwamba siku utakapoinua macho, msaada utakuwa umekaa palepale kwenye mwamba unakungoja. Siilaumu kalenda, na mama yako ndiyo kabisa. Nauliza tu kama kilichokukatikia pale juu ni imani yako yote, au ni ile ahadi ya nusu mstari. Sikuwa ndani ya kifua chako, kwa hiyo swali hilo nakuachia.

Wala usijione mtu wa ajabu kwa kuutarajia mlima umlete Mungu karibu. Wamaasai wana Ol Doinyo Lengai, maana yake Mlima wa Mungu. Wakikuyu tangu zamani wamesali wakielekea Kirinyaga, ule tunaouita Mlima Kenya. Tarajio hilo ni la kale na lina heshima yake. Ila watu hao wamekaa na milima yao vizazi na vizazi, mvua na jua, siku za kufunguka na siku za kufungwa na mawingu. Wewe uliupa wako dakika chache, ukiwa kwenye kiti cha mbele, jibu likiwa limeshaagizwa na usharika mzima.

Umeshangaa kwamba uko angani na mlima bado uko juu yako. Ndege ndogo za namna ile hazijazi hewa ndani kama zinavyofanya zile kubwa, kwa hiyo kwa kawaida haziendi juu sana zikiwa na abiria. Futi 12,000 ni kama mita 3,650. Kibo ina mita 5,895. Mlikuwa chini ya kilele kwa zaidi ya mita 2,000, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Mtu aliyeamka usiku kuiwahi safari, amekaa mbele ambako kila mtikisiko unauona kabla haujakufikia, kifua kinambana, koo linakauka. Sisemi kwamba yote uliyoyapata yalikuwa hewa nyepesi. Huko kungekuwa kukudharau. Nasema mwili wako nao ulikuwemo safarini, na ulikuwa na mambo yake.

Lakini lililonishika zaidi katika barua yako ni barafu. Umeiandika kwa mstari mmoja ukaendelea. Wataalamu waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na vipimo vya karne hii wamekuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro limekwisha. Kofia uliyoizoea ukutani ilipigwa picha miaka mingi iliyopita, na barafu haijaacha kupungua tangu hapo. Ukiwa mtoto ulifundishwa herufi kwa kitu ambacho wewe na mama yako mlikiona hakibadiliki. Miezi sita baada ya kumzika ukakutana nacho uso kwa uso, ukakuta nacho kinaondoka. Mimi ningekuwa kwenye kiti kile, baridi hiyo ya kifuani ningeihisi nami.

Ukasema mlima haujui kama tupo. Hilo, mwanangu, ni kweli. Haujui. Sioni kwa nini mtu aitwe mpungufu wa imani kwa kuona jambo lililo kweli. Ukianza kusimulia, wapo watakaokimbilia kukuambia Mungu alikuwepo dirishani ila wewe hukuwa na macho ya rohoni. Na wapo watakaokuambia sasa umeamka, hakuna kitu huko juu. Wote watakuwa wanatoa ushuhuda wa safari ambayo hawakuisafiri, na wewe unajua inavyouma mtu akifanya hivyo.

Tuje basi kwenye ushuhuda.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alikuwa akitembea kwa miguu kutoka pwani kuelekea Uchagani. Akaona juu ya mlima weupe unaong'aa, akadhani kwanza ni wingu. Akamuuliza mwongozaji wake weupe ule ni nini. Mtu yule hakutaja theluji. Alimjibu neno moja, na Rebmann akaliandika kwenye kumbukumbu zake: baridi. Habari zilipofika Ulaya, mwanajiografia wa Uingereza William Desborough Cooley, ambaye mlima huo hakuwahi kuukaribia, alikataa kabisa kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Alishikilia hivyo kwa miaka.

Ninampenda sana yule mwongozaji. Bwana mkubwa kamuuliza, anangoja jibu, naye angeweza kutunga chochote. Alisema kile tu alichokuwa na hakika nacho: kule juu ni baridi. Na neno lake lilikuwa kweli kuliko elimu yote ya Cooley. Sasa rudia barua yako. Mimi umeniandikia neno hilohilo. Usharika hukuwaambia.

Uongo uliousema sitaupaka rangi. Watu walilia kwa jambo ambalo halikutokea, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ila naomba uutazame vizuri, kwa sababu una mambo ndani yake. Kwanza, ushuhuda wako ulikuwa umeshapangiwa mwisho wake kabla ndege haijaruka. Hili nalisema kwa kanisa zima na kwa safu hii pia: tukimwagiza mtu ushuhuda kabla ya safari, tumemwachia mlango mmoja tu wa kurudia. Asiyepita mlango huo aingie wapi? Mchungaji wako alikuombea kwa upendo, sina shaka, na amina zile zilikuwa za upendo. Upendo nao unaweza kumziba mtu kinywa.

La pili ni zito zaidi. Ulipokuwa umesimama pale mbele, huna kitu mkononi, ulitunga sauti. Ungeweza kuitungia maneno yoyote. Sauti ingeweza kusema Mungu ni mkuu, au usiogope, au dunia yote ni yangu. Wewe uliitungia: "Mama yako yuko salama." Yalitoka wapi maneno hayo? Nadhani hayo ndiyo uliyokwenda kuyatafuta Kilimanjaro. Ulitoka mikono mitupu, na mbele ya watu ukajipa mwenyewe. Sijui kama umeshapata nafasi ya kumlilia mama yako, maana kanisani walilia wao, na wewe ulikuwa unaangalia kama wameamini.

Sasa, ufanye nini? Njia ziko kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na miiba.

Ipo ya kukaa kimya. Unamwomba mchungaji alitoe jina lako kwenye ratiba kwa sababu yoyote, unaacha maneno ya Februari yachakae yenyewe. Ni njia ya utulivu, na wengi wameipita. Hatari yake ni kwamba rekodi ipo, na utaendelea kuongoza sala ya jioni ukiwa na kimya hicho ndani. Ipo pia njia ya kusimama mkutanoni useme yote hadharani, kama mtu anayejichana nguo. Hiyo huwa inavutia mtu aliyechoka kubeba, kwa sababu inamaliza kwa mpigo. Lakini kabla ya kuifikiria, hebu ona nani watasikia wakiwa hawajaandaliwa: mke wako benchi la tatu, watoto wako, na dada yule, ambaye huenda akaletewa habari na mtu mwingine kwa simu. Kama utasema, nani asikie kwanza ni jambo kubwa sawa na kusema kwenyewe.

Mke wako ninamwona kwa mbali sana katika barua hii. Anatabasamu, anajivunia. Una hakika ni ushuhuda anaojivunia? Ameishi nawe miaka yote hii. Amekuona ukirudi kutoka makaburini na kuvaa tai siku ya tano. Usiku unapogeuka-geuka kitandani tangu Februari, yuko kando yako, na sidhani kwamba amelala muda wote. Inawezekana ukimwambia ataumia, hasa kwa kuwa hakuwa wa kwanza kujua. Inawezekana pia akakuambia kwamba alijua siku ileile. Hilo la pili nimelisikia kwa wake wengi, ingawa siwezi kukuahidi.

Kwa mchungaji kuna gharama nyingine. Unaweza kuvuliwa uzee wa kanisa. Unaweza kukuta mtu mwenye sikio, na unaweza kukuta mtu ambaye tayari amechapisha ratiba. Unamfahamu wewe. Kama ukienda kwake, nadhani ni vema uende ukiwa umeamua mapema ni kipi unachokiomba: kutolewa kwenye ratiba tu, au kusikilizwa, au kuungama. Ukienda bila kujua, yeye ndiye atakayekuchagulia. Na kuna jambo moja nakuuliza bila kukusukuma. Ule mkutano wa jimbo, pangekuwaje kama mtu angesimama pale akasema, nilikwenda mlimani nikitaka kusikia habari za mama yangu, nikahisi baridi? Katika watu wale wote, wangapi wamewahi kuinua macho wakahisi hivyohivyo, wakarudi nyumbani wakidhani ni wao peke yao? Sikuambii ufanye hivyo. Wapo watakaonung'unika, na wewe bado umechoka mno. Nataka tu ujue kwamba ushuhuda wa namna hiyo nao upo.

Dada yule ndiye anayeniumiza moyo, kama anavyokuumiza wewe. Unauliza, nikisema atashika nini. Katika swali lako kuna jambo umelichukua kuwa hakika, kwamba anachokishika ni yale maneno. Huenda. Lakini rekodi ya simu ina mengi kuliko maneno. Ina sauti ya mtu aliyefiwa, inatetemeka, inataka sana mpendwa wake awe salama. Mtu anayekwenda hospitali na hofu yake anaweza kuisikia sauti hiyo na kujua, huyu naye anaogopa kama mimi. Sauti hiyo hukuitunga.

Sasa mpime kwa pande zote. Ukienda kumwambia kila kitu wakati mwili wake uko vitani, unaweza kuwa unautua mzigo wako juu ya mgonjwa, ukatoka pale umepumua na yeye amekosa usingizi. Kuungama kwa namna hiyo kunamsaidia nani? Ukimficha milele, na yeye anakuita ndugu yake wa imani, kila amina utakayosema kando ya kitanda chake itakukaba. Na akija kujua kwa njia nyingine, atajiuliza ni nini tena katika mambo anayoyaamini kilichotungwa. Hakuna njia safi hapo, na sitakudanganya kwamba ipo.

Lakini angalia pia kinachotokea hivi sasa, ukiwa bado unafikiri. Anakuita, huendi. Wewe unaona unamlinda na ukweli. Yeye anaona tu kwamba hukufika. Sijasikia katika ujumbe wake, kama ulivyouandika, kwamba anataka umsimulie mlima tena. Amesema uende ukamwombee. Unaweza kwenda ukakaa, ukamuuliza usiku anaogopa nini, ukanyamaza akijibu. Kama maneno ya sala hayaji, unaweza kumwambia hayaji, na kumwomba yeye aombe. Hapo utakuwa umemwambia ukweli mmoja, mdogo, unaobebeka. Kama mengine yatafuata siku hiyo au baadaye, utajua kwa kumtazama, si kwa kunisoma mimi. Muda wa mgonjwa hauko mikononi mwetu, mwanangu, hilo unalijua tayari kwa mama.

Umeniuliza kama bado ni Mkristo. Kuna watakaokuambia kwamba kuumia kwako ni uthibitisho kwamba bado unaamini. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu asiyeamini naye huumia anapodanganya watu anaowapenda. Siwezi kulijibu swali hilo kwa niaba yako, na ningekuwa na wasiwasi na yeyote anayelijibu upesi, kwa ndiyo au kwa hapana. Ninachokiona ni mtu ambaye bado hajamaliza kuongea na Mungu kuhusu kifo cha mama yake, na kila anapofungua kinywa anaombwa ushuhuda. Ukipata mahali ambapo hakuna anayekusubiri useme amina, utasema nini? Pengine hasira, pengine kimya tena. Zaburi zipo zenye hasira, na zipo zilizoishia gizani bila jibu, na hazikutolewa kwenye Biblia. Inaweza kuwa imani itarudi na sura nyingine. Inaweza kuwa isirudi kama ulivyoizoea, na hilo nalo utahitaji mtu wa kukaa nawe, na kama ni mke wako, ndiyo vema zaidi.

Kuhusu usingizi, nenda kamwone daktari. Miezi ya kutolala si jambo la kuvumilia kiume, na majonzi yaliyochelewa yana watu waliosomea kuyasikiliza. Fanya hivyo kabla ya mkutano wa jimbo, bila kujali utaamua nini kuhusu mengine.

Na ukiniandikia tena, mlima uache kidogo. Niandikie habari ya kidole cha mama kwenye kalenda ile. Alikuwa akianzia herufi gani? Na kalenda yenyewe iko wapi sasa, kuna aliyeibandua baada ya msiba, au bado inaning'inia sebuleni?